Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kujenga Kibanda Ndani ya Msitu Unaorudi

Hotuba hii niliitoa mbele ya wapanda miti, mafundi seremala na wachoraji wa majengo waliokutana kuzungumzia urejeshaji wa misitu. Waliokosa kufika wameomba niiandike, nami nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Picha nimeziacha.

Ndugu zangu, wazee wetu, na ninyi vijana mliokuja na matope bado kwenye viatu (matope hayo tutayarudia, msijifiche), asanteni kwa kunipa nafasi.

Nianze na kosa langu.

Kibanda cha kwanza nilichochorea mradi wa msitu kilisimama juu ya kilima kitupu. Kilima kile kilikuwa kimelimwa, kikalishiwa mifugo, kikachoka. Waliousimamia mradi walitaka mahali ambapo wapanda miti watapumzika, na wageni watakaa kutazama bonde. Nikachora nguzo nne, paa la mteremko mmoja, benchi ndefu, na upande wa mbele nikauacha wazi kabisa. Ukikaa pale unaliona bonde lote hadi mtoni. Watu wakapiga picha, wakanisifu, nami kichwa kikavimba.

Miaka sita baadaye nikapigiwa simu. "Fundi, mandhari imezibwa." Imezibwa na nini? Na miti. Miche iliyopandwa mbele ya kibanda ilikuwa imeshalipita paa. Yule bwana akaniuliza, kwa heshima kabisa: hatuwezi kukata michache tu, kama thelathini hivi, ili wageni walione bonde?

Jamani! Mradi wa kupanda miti ukate miti, ili kibanda cha mradi wa kupanda miti kiweze kuonyesha miti iliyo mbali! Nilicheka. Halafu nikaona haya, kwa sababu swali lile nililichora mwenyewe. Nilichora kibanda cha kilima kitupu, na kila mtu aliyekuwa pale, hata yule mtoto aliyekuwa akibeba miche, alijua kilima kile hakitabaki kitupu. Ndiyo kazi iliyotupeleka pale.

Tangu siku ile kila kazi naianza na methali moja: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kibanda ni mgeni. Mwenyeji ni msitu, na mwenyeji huyu ni mgonjwa ndiyo kwanza anainuka kitandani. Sasa niambieni: ujio wa mgeni wetu utamponya, au utamrudisha kitandani?

Mgeni anaingia kwa miguu, basi tuanze na miguu.

Nani hapa anaamini kwamba ardhi inaharibika polepole, kila apitaye akichangia kidogo? Inueni mikono. Naam, wengi. Nami niliamini hivyo. Wanaochunguza njia za watembeao misituni wamekuta mambo yako vingine: sehemu kubwa ya madhara hutokea katika safari za mwanzo. Wale wachache wa kwanza ndio wanaolaza mimea na kuushindilia udongo. Anayepita akiwa mtu wa mia mbili anakuta kazi imeshaisha. Kwa hiyo kuwatawanya watu huku na huku ili "ardhi ipumue" mara nyingi ni kuumiza mahali pengi badala ya mahali pamoja. Heri njia moja, kiwanja kimoja, na wote wapite hapo hapo.

Kuna maana ya pili, ambayo sisi wajenzi hatupendi kuisikia. Kibanda huumiza msitu zaidi kabla hakijafunguliwa. Wageni hawajafika bado. Ni sisi. Ni toroli letu.

Kibanda changu cha tatu nilikisimamisha juu ya misingi ya zege. Mchanga, kokoto, saruji, maji, vyote viliingia kwa toroli, na sikuhesabu ni safari ngapi. Nilirudi baada ya miaka minne. Kibanda kizima, nguzo hazijayumba hata kidogo. Lakini kutoka barabarani hadi mlangoni palikuwa na mstari. Miche ya pande zote mbili ilikuwa imenizidi kimo, na katikati, upana wa toroli na miguu ya msukumaji, palikuwa na nyasi fupi za manjano, basi. Nilikuwa na bisibisi mfukoni. Nikapiga magoti nikaichoma ardhi pembeni ya mstari: ikazama mpaka kwenye mpini. Nikaichoma katikati ya mstari: ikagota kwenye ncha. Nikasogea hatua tano, nikachoma tena. Ikagota.

Udongo mzuri una vijitundu vingi, na humo ndimo maji na hewa hupita. Ukiushindilia, vijitundu vinafumba. Mvua inateleza juu badala ya kuzama, mbegu inasombwa, na mzizi unaotafuta hewa haupati. Miaka minne, na toroli langu bado lilikuwa linapita pale.

Tunafanyaje, basi? Kwanza, kibanda kiwekwe mahali palipokwisha kuumia: kwenye barabara ya zamani ya magogo, kwenye kambi iliyohamwa, kwenye kiwanja kilichokuwa kitalu. Usiende kutafuta penye uzuri. Penye uzuri paache. Pili, tusichimbe. Mizizi mingi ya mti imo katika sentimita 60 za juu, na akiba ya mbegu zilizolala iko juu zaidi, sentimita chache tu chini ya majani makavu. Shimo la msingi linakata mizizi na kuifukia ile akiba kwa mkupuo mmoja. Ziko nguzo za chuma zenye uzi mwishoni kama parafujo kubwa. Watu wawili wanazizungusha kwa mtaimbo, zinaingia, na siku ya kuondoka zinazungushwa kinyume zinatoka. Tatu, sakafu iinuliwe, upepo na maji vipite chini yake. Na nne, kanuni yangu ambayo mafundi wananichekea kwayo: kipande ambacho watu wawili hawawezi kukibeba kutoka barabarani bila kukitua njiani hakiingii kwenye mchoro. Kikiwa kizito mno, ninakichora upya. Mgongo wa mtu ndio rula yangu.

Haya, yale matope niliyoyaahidi. New Zealand kuna mti uitwao kauri, mti mkubwa ajabu, na kuna kijidudu cha udongoni kiitwacho Phytophthora agathidicida kinachouozesha mizizi. Dawa ya kuuponya kabisa bado haijapatikana. Kijidudu hiki husafiri na udongo, na udongo husafiri na soli ya kiatu. Katika milima ya Waitākere ilifika mahali wenyeji wa Kimaori wa Te Kawerau ā Maki, mwishoni mwa mwaka 2017, wakatangaza rāhui, yaani katazo la kuingia msituni, na mwaka 2018 halmashauri ya Auckland ikafunga maeneo yenye miti. Njia zilipoanza kufunguliwa tena zilikuwa zimejengwa upya: mbao zilizoinuliwa juu ya mizizi, na mlangoni kituo cha kusugulia viatu na kuvinyunyizia dawa. Waliouingiza ugonjwa kule ndani, wengi wao waliupenda msitu ule. Walikwenda kuuona.

Kwa hiyo ukiniuliza kibanda kinaanzia wapi, nitakujibu kinaanzia mwanzo wa njia, kwenye brashi ya viatu. Nichoreeni brashi kwanza, paa baadaye. Na ninyi vijana, nje pale mlangoni iko brashi. Nimeiona ikiwa kavu.

Sasa, methali ya pili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu... (ukumbi ukajibu: "Mpe jembe!") Mpe jembe! Vibanda vingi nilivyoviona msituni ni wageni wa siku mia tatu ambao hawajawahi kushika jembe. Vimekaa tu. Watu wanaingia, wanakula, wanatoka, na msitu haujapata hata kikombe cha maji.

Kikombe cha maji nakisema kwa maana yake hasa. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kibanda cha mita 3 kwa 4 kina paa la mita za mraba 12, ukiacha ukingo unaotokeza nje. Mvua ya milimita 20 usiku mmoja ni lita 240. Toa zilizorukia pembeni na za mwanzo zilizosafisha vumbi, bado una maji ya kutosha kitalu kidogo katika siku za ukame, pale pale juu, bila mtu kupandisha ndoo. Na ukiyaacha maji hayo yaanguke ovyo? Yanachimba mfereji chini ya ukingo wa paa, mvua baada ya mvua, na udongo uliokuja kuuokoa unateremka nao. Paa lisilo na mfereji wala tangi, ndugu zangu, ni jembe linalolima upande usiotakiwa.

Jembe la pili ni ndege, na hili nalipenda kuliko yote, mniwie radhi nikilikalia.

Kwa nini shamba lililoachwa jirani kabisa na msitu linaweza kukaa miaka mingi bila kuota miti? Sababu moja ni kwamba mbegu hazifiki. Ndege walao matunda hubeba mbegu tumboni, na wengi wao hawapendi kuvuka mahali peupe pasipo na pa kutua. Popo huvuka, nao huangusha mbegu wakiwa angani, ila ndege anataka tawi. Basi watu wakajaribu kusimika miti mikavu na nguzo zenye vijiti vya kupitisha, na mahali pengi ilionekana wazi kwamba chini ya nguzo hizo mbegu huanguka kwa wingi kuliko pembeni. Ndege anatua, anatazama huku na huku, anaacha zawadi, anaondoka.

Nilipolisoma hilo nikafurahi kama mtoto. Nikarefusha pao la juu la kibanda kilichofuata, likatokeza mita moja kila upande, liwe tawi. Ndege wakaja kweli! Wakaja, wakakaa, na zawadi zao zikaanguka... wapi? Juu ya paa. Kutoka paani zikaingia kwenye mfereji, na kutoka kwenye mfereji zikaingia kwenye tangi. (Kicheko.) Chekeni tu. Majembe yangu mawili yalikuwa yanagongana. Siku hizi nguzo ya ndege naisimamisha peke yake, hatua kumi na tano kutoka kibandani, ndefu kuliko paa ili waipende wao wenyewe, na chini yake tunang'oa nyasi. Msisahau kung'oa nyasi. Mbegu ikiangukia nyasi nene inasongwa, na nguzo yako inabaki pambo.

Jembe la tatu ni dogo. Benchi iwe sanduku. Ndani yake makoleo, kamba za kupimia, mifuko ya mbegu. Mgeni akikaa, amekalia kazi. Akitaka kusaidia, anainuka tu.

Nani mwingine atahamia humo? Mchoro hauonyeshi, lakini watahamia.

Mwaka 2012, katika hifadhi ya Yosemite huko Marekani, wageni 10 waliugua hantavirusi, na 3 kati yao walifariki. Tisa kati ya hao kumi walikuwa wamelala katika vibanda vya turubai vya aina moja, vilivyojengwa kwa kuta mbili ili kuzuia baridi. Kati ya kuta hizo palikuwa na uwazi, na ndani ya uwazi panya walikuwa wamejenga viota. Kirusi hicho kimo katika mkojo, kinyesi na mate ya panya. Vibanda 91 vya aina ile vikafungwa.

Mchoraji wa vibanda vile alikuwa anatafuta nini? Joto kwa mgeni. Ni wema. Lakini msituni kila uwazi uliofungwa una mpangaji wake. Tangu niliposoma habari ile sichori ukuta wa tabaka mbili wala dari. Ubao mmoja mnene, upande mmoja unaona nje, upande wa pili unaona ndani, hakuna siri katikati. Mtu atasema: mbona bila dari mvua juu ya bati inatupigia kelele hata hatusikilizani? Ni kweli. Nyamazeni, isikilizeni mvua.

Vioo naona nivisemee haraka. Kioo kikubwa kinachoakisi miti, ndege anakiona ni miti. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 yalisema majengo ya Marekani peke yake huua ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 kila mwaka kwa kugongwa hivyo. Umetoka kusimika nguzo ya kumwita ndege, kisha hatua kumi na tano unamtegea ukuta asiouona? Kibanda cha msituni hakihitaji kioo. Kama ni lazima, kitieni alama upande wa nje, zisipishane zaidi ya sentimita 5. Kibandiko kimoja cha mwewe katikati ya dirisha hakizuii kitu. Ndege hukwepa kile kibandiko, akagonga pembeni yake.

Na mchwa. Mafundi wenzangu, najua mnachotaka kusema, mbao zitiwe dawa. Dawa ipi? Ile ya rangi ya kijani iliyotumika kwa miongo mingi ilikuwa na shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki hutoka kwenye ubao kidogo kidogo ikaingia ardhini. Marekani waliacha kuitumia kwa sehemu kubwa ya mbao za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Sisi tutaipeleka kwenye udongo tunaoutibu? Mimi nasema ubao usiguse ardhi, basi. Uketi juu ya kikombe cha chuma, kiganja kizima kutoka chini, paa litokeze la kutosha mvua isiupige, na kila ncha ya ubao iwe mahali ambapo jicho linaiona na mkono unaifikia. Kitakachooza kioze mbele ya macho yetu, tukibadilishe. Mchwa naye ni mwenyeji pale, tena ndiye anayegeuza magogo kuwa udongo. Sina ugomvi naye.

Choo kiwe mbali na kijito, angalau mita 60. Taa msiweke, wadudu wa usiku watazizunguka mpaka wafe. Ukubwa: kibanda cha watu sita huita watu sita, cha watu thelathini huita thelathini na basi lao. Anayechora ukubwa wa sakafu ndiye anayeamua idadi ya viatu, hata kama kwenye mkutano hakuna aliyelisema hilo. Na mara nyingine jibu sahihi ni gogo lililolala kivulini. Nimewahi kulipwa kwa kusema "msijenge". Mara moja tu, lakini nililipwa.

Nimebakiza kuondoka.

Huko Ise, Japani, kuna hekalu la mbao ambalo hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Desturi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 1,300, ingawa katika karne za vita iliwahi kukatika. Mwaka 2013 ilikuwa mara ya 62. Wengi wakisikia habari hii wanastaajabia ule uvumilivu. Mimi nilistaajabia kiwanja. Viwanja ni viwili, kimekaa kimoja ubavuni mwa kingine. Jengo jipya linasimama kwenye kimoja, la zamani linafumuliwa, na kile cha pili kinabaki kitupu, kimetandazwa kokoto nyeupe, kwa miaka 20 mingine. Na kwa kuwa mbao lazima zipatikane tena, msitu wa hekalu unatunzwa kwa ajili ya wajenzi ambao hawajazaliwa.

Tulichukue lile wazo la kiwanja cha pili. Kibanda chetu kimewekwa pale palipoumia. Baada ya miaka kumi, kumi na tano, miti imekizunguka. Kivuli kimeingia, mbao hazikauki baada ya mvua, tangi linajaa majani, na tawi linalooza linaning'inia juu ya paa. Wenye kibanda wanaanza kupogoa hapa, kufyeka pale. Pole pole mgeni anamwamrisha mwenyeji. Hapo ndipo pa kuaga. Kibanda kihamie mbele, kwenye ukingo, kule ambako msitu haujafika, kikachote maji ya kitalu kingine.

Lakini kinahamaje kama kimegongomewa misumari? Ndiyo maana nang'ang'ania bolti na nati. Msumari ukiuchomoa unapasua ubao, au unapotea majanini na kumngoja mtoto anayepita pekupeku. Bolti unaifungua, unaiweka mfukoni. Kila kipande tunakipiga namba kwa moto, upande usiopata mvua. Kipimo changu ni hiki: watu wanne, spana mbili, siku moja, na jioni pasibaki kitu zaidi ya matundu ya nguzo.

Kile kibanda cha kilimani hakina kipimo hicho. Nilikijenga kwa misumari, nilikuwa kijana. Miti ile thelathini haikukatwa. Nilimwambia yule bwana kwenye simu: ipe miti nafasi, kibanda nitakuja kukitoa mwenyewe. Nimechelewa miaka miwili, lakini ruhusa imepatikana, na kiwanja kipya tumekipata chini ya mteremko, kwenye kona ya barabara ya zamani ambako bado hakuna mti.

Basi ni kesho. Tunakutana mwanzo wa njia saa moja asubuhi. Anayekuja aje na mtarimbo mfupi wa kung'olea misumari na ndoo ya kuitia, na tutaihesabu yote, kwa sababu daftari la ujenzi ninalo na linasema tulitumia ngapi. Kwa ajili ya kusimamisha upya, njooni na spana namba 17. Toroli msilete. Na viatu, tafadhali, visugueni leo usiku.